Jana Novotná: alilia mbele ya dunia, kisha akarudi

Mwezi huu tunataka kuongea nawe juu ya mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa raketi. Pengine utasema: “Tenisi inatuhusu nini sisi watu wa migodi? Watoto wetu wanacheza mpira wa miguu.” Ni kweli. Katika miji yetu viwanja vya tenisi vilijengwa zamani kwa wakubwa wa kampuni, na mtoto wa kambi alifika pale kwa kuokota mipira tu. Lakini usifunge ukurasa upesi. Habari hii si ya raketi peke yake. Ni habari ya mtu aliyeshindwa mchana kweupe, watu elfu na elfu wakimtazama, akapewa jina baya juu ya ile siku moja, na akabeba lile jina miaka mitano.

Nani kati yetu hajui jambo la namna hiyo? Kijana aliyekosa Examen d'État analijua. Baba aliyesimamishwa kazi analijua. Binti aliyesahau maneno yake mbele ya mkutano mzima analijua. Basi tusikilize pamoja.

Jina lake ni Jana Novotná.

Mtoto wa Brno

Jana alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10, 1968, katika mji wa Brno. Wakati ule inchi yao iliitwa Chekoslovakia. Tangu mwaka 1993 imegawanyika kuwa inchi mbili, na Brno iko upande wa Cheki. Ni inchi ndogo, haina bahari, lakini katika tenisi ya wanawake imezaa mafundi kupita inchi nyingi kubwa. Martina Navratilova alizaliwa kule. Hana Mandlíková alizaliwa kule.

Mwaka 1987 Jana aliingia katika kazi ya mchezaji wa kulipwa. Tukisema “kazi” tuelewane vizuri. Mchezaji wa tenisi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Analipwa kufuatana na namna anavyoshinda. Akishindwa siku ya kwanza ya mashindano, anapata kidogo, anafunga sanduku lake na kwenda mji mwingine kujaribu tena. Tiketi ni yake, hoteli ni yake, mwalimu wake ni yeye anayemlipa. Tena, katika mpira wa miguu mchezaji akikosea kuna wenzake kumi wa kumsaidia, hata wa kumficha. Katika tenisi ya mmoja mmoja, uko peke yako. Kosa ni lako, na kila mtu analiona.

Mwanzoni watu walimjua Jana zaidi katika mchezo wa wawili wawili. Pamoja na mwenzake Helena Suková alipata medali ya feza katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Mwaka 1990 wale wawili walishinda mashindano matatu kati ya yale manne makubwa ya dunia. Haya manne yanaitwa Grand Slam: moja linachezwa Melbourne kule Australia, moja Paris, moja Wimbledon katika mji wa London, na moja New York. Mchezaji wa tenisi anaota hayo manne sawa mtoto wa shule anavyoota diploma.

Lakini watu walisema: “Anajua kucheza na mwenzake. Peke yake ataweza?” Kutoka mwaka 1990 Jana alijifunza chini ya Hana Mandlíková, yule tuliyemtaja. Mwalimu huyu alikuwa ameshinda Grand Slam mara nne, lakini kule Wimbledon alikuwa amefika finali mara mbili, 1981 na 1986, na mara zote mbili alishindwa. Shika jambo hili kichwani, tutalirudilia. Mwaka 1991 Jana alifika finali ya Melbourne akiwa peke yake. Alichukua sehemu ya kwanza, kisha Monica Seles akachukua mbili zilizobaki.

Namna ya kuhesabu

Kusudi uelewe yaliyompata, lazima ujue kidogo namna tenisi inavyohesabiwa. Haiko magumu.

Pointi ya kwanza inahesabiwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne inakupa gemu moja. Mkiwa 40 kwa 40, ni lazima mmoja apite mwenzake kwa pointi mbili. Mwenye kupata gemu sita, akimpita mwenzake kwa mbili, amechukua seti. Mwanamke akichukua seti mbili, ameshinda mchezo. Ndiyo sababu mara nyingi wanacheza seti tatu: kila mmoja anachukua moja, na ya tatu inakata shauri.

Tena, katika kila gemu mmoja ndiye anayepiga mpigo wa kuanza. Anapewa nafasi mbili. Mpigo wa kwanza ukienda nje, anajaribu wa pili. Wa pili nao ukienda nje, mshindani wake anapewa pointi bure. Hakuna aliyempiga. Ni yeye mwenyewe amejinyima.

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa 7, 1993

Wimbledon ni shindano la zamani kupita yote katika tenisi. Lilianza mwaka 1877, na wanawake waliingia mwaka 1884. Linachezwa juu ya majani. Mpira hauruki sana juu ya majani, unateleza chini chini, na mchezaji anayejua kupiga kwa nguvu kisha kukimbia mbele karibu na wavu anapata faida. Jana alikuwa mtu wa kukimbia mbele. Majani yalikuwa shamba lake.

Mwaka ule 1993 aliwapiga Gabriela Sabatini wa Argentina, kisha Navratilova mwenyewe, aliyekuwa ameshinda Wimbledon mara tisa. Akafika finali. Mbele yake alisimama Steffi Graf, Mjerumani, bingwa aliyekwisha kushinda pale mara nne.

Seti ya kwanza ilikuwa kali. Graf aliichukua 7 kwa 6. Seti ya pili Jana alicheza sawa mtu aliyefunguliwa kamba: 6 kwa 1. Seti ya tatu akaendelea vile vile. 4 kwa 1. Na katika gemu ya sita yeye ndiye aliyepiga mpigo wa kuanza, akiwa 40 kwa 30. Pointi moja tu ingemfikisha 5 kwa 1. Baada ya hapo, gemu moja, na Wimbledon ingekuwa yake.

Mpigo wa kwanza ulikosa. Alipiga wa pili. Mpira ulipita mstari, ukaenda mbali nje.

Ndugu msomaji, ilikuwa pointi moja. Alikuwa bado mbele, alikuwa bado na nafasi nyingi. Lakini kutoka dakika ile mkono wake ulikuwa mwingine. Mipira ambayo angeipiga hata akiwa na usingizi, ilikwenda nje ao ilikwama kwenye wavu. Ile gemu ikapotea. Graf hakungoja. Alichukua gemu tano, moja nyuma ya nyingine, bila kumwachia hata moja. Seti ikaisha 6 kwa 4. Kitu kilichokuwa karibu kuingia mkononi kilikuwa kimetoroka kwa muda mfupi sana.

Kisha kukawa kutoa zawadi. Mwenye kutoa alikuwa Katharine, mke wa Duke wa Kent, mama wa jamaa ya kifalme ya Uingereza. Jana alimkaribia, akijaribu kujikaza na kutabasamu. Yule mama akamwambia neno la upole, kwamba asihangaike, siku moja atashinda. Pale Jana hakuweza tena. Aliinamisha kichwa chake juu ya bega la yule mama, akalia kama mtoto, na yule mama akamkumbatia mbele ya kiwanja kizima na mbele ya televizyo za dunia. Kwa desturi, watu wa jamaa ya kifalme hawakumbatii watu namna hiyo. Picha ile ilizunguka katika magazeti ya inchi nyingi. Wengi waliosahau nani alishinda siku ile hawakumsahau yule aliyelia.

Jina la siku mbaya

Sasa sikiliza vizuri jambo lililofuata, maana ndilo sababu ya kuandika habari hii.

Watu walimhurumia siku chache. Kisha wakampa jina. Walisema: huyu ni mtu wa kusongwa na woga, huyu ana mikono lakini hana moyo, akikaribia kushinda atajiangusha mwenyewe. Magazeti yaliandika, watu wakarudilia.

Na mwaka 1995 ilikuwa kama yeye mwenyewe ametia sahihi chini ya yale maneno. Kule Paris, katika mzunguko wa tatu, alicheza na Chanda Rubin, msichana Mmarekani. Katika seti ya tatu Jana aliongoza 5 kwa 0, na 40 kwa 0. Hapo kulibaki pointi moja. Katika mchezo ule alipata nafasi tisa za kumaliza, tisa nzima, na zote zilipotea. Rubin alishinda seti ile 8 kwa 6. Unaweza kuwaza maneno yaliyosemwa kesho yake.

Kwetu pia tunapenda kumpa mtu jina la siku yake mbaya. Mtoto anavunja chungu mara moja, anaitwa “mvunja vyungu” mpaka anaoa. Kijana anakosa mtihani, tangu hapo baba akiona wageni anasema mbele yake: “Huyu ndiye aliyetuletea haya.” Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Lakini sisi tunaona mtu anateleza, na tunamwandika katika daftari la walioanguka.

Alifanya nini?

Hakufanya jambo la ajabu. Alirudi kazini.

Aliendelea kucheza wawili wawili, na pale aliendelea kushinda. Hilo lilikuwa na maana kubwa. Mtu aliyeumia katika kazi moja ni vizuri awe na pahali pengine ambapo mikono yake inakumbuka kwamba inajua. Alibaki na mwalimu wake Mandlíková, yule aliyejua mwenyewe namna finali ya Wimbledon inavyouma. Na hakubadilisha mchezo wake kuwa mchezo wa woga. Aliendelea kukimbia mbele kwenye wavu, pahali ambapo mtu akikosa anaonekana zaidi.

Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, alileta medali mbili nyumbani: ya feza pamoja na Suková, na ya shaba akiwa peke yake. Mwaka 1997 alirudi katika finali ya Wimbledon. Mara hii mshindani wake alikuwa Martina Hingis, mtoto wa miaka 16 anayecheza kwa jina la Uswisi, lakini aliyezaliwa kule kule Chekoslovakia. Jana alichukua seti ya kwanza 6 kwa 2. Hingis akachukua mbili, 6 kwa 3 na 6 kwa 3. Jana alikuwa karibu miaka 29. Katika tenisi ya wakati ule, huo ulikuwa umri wa kufikiri kuacha. Yule mama wa Kent alikuwa tena pale kumpa zawadi ya mtu wa pili.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Maana yake si kwamba mtu apende kushindwa. Maana yake: mtu asiyeweza kubeba kushindwa, hawezi kurudi kiwanjani kesho. Mwisho wa mwaka ule ule 1997 Jana alishinda kule New York shindano linalokusanya wanawake bora wa mwaka, akapanda mpaka kuwa wa pili duniani katika mchezo wa mmoja mmoja.

1998

Mwaka uliofuata alikuwa tena Wimbledon. Alimkuta Venus Williams, Mmarekani kijana mwenye nguvu nyingi, akampiga. Katika nusu-finali alimkuta Hingis, yule yule wa mwaka jana. Safari hii Jana alishinda 6 kwa 4 na 6 kwa 4.

Finali ilikuwa siku ya posho, tarehe 4 mwezi wa 7. Mshindani alikuwa Nathalie Tauziat, Mfaransa wa miaka 30, naye hakuwahi kushinda Grand Slam. Tangu Suzanne Lenglen mwaka 1925, hakuna mwanamke Mfaransa aliyefika finali ya pale. Kwa hiyo hata yeye alibeba tumaini la inchi nzima.

Jana alichukua seti ya kwanza 6 kwa 4. Seti ya pili ikafika 6 kwa 6. Hapo wanacheza gemu ya pekee ya kukata shauri: wa kwanza kufika pointi 7, akimpita mwenzake kwa mbili. Waliokumbuka mwaka 1993 walishika vichwa. Sasa ndipo huyu anajiangusha, waliwaza.

Hakujiangusha. Alishinda ile gemu 7 kwa 2.

Alikuwa na miaka 29 na miezi 9. Tangu tenisi ilipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, hakuna mwanamke aliyekuwa ameshinda Grand Slam yake ya kwanza ya mmoja mmoja akiwa na umri mkubwa hivyo. Baadaye wengine walimpita, sawa Francesca Schiavone mwaka 2010 na Flavia Pennetta mwaka 2015, wote Waitalia. Mwaka ule 1998 Jana na Hingis, wale wapinzani wawili, walishirikiana pia na kushinda mchezo wa wawili wawili pale pale Wimbledon.

Aliyempa ile sahani kubwa ya feza ya washindi alikuwa nani? Ni yule yule mama wa Kent. Miaka mitano mbele, alikuwa amempa bega. Sasa alimpa sahani. Jana alicheka kwa furaha, na yule mama naye alicheka.

Yule mama alikuwa nani?

Tuseme neno moja juu yake, maana watu wengi wanajua tu kwamba alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 1977 Katharine alizaa mtoto aliyekuwa amekwisha kufa. Alipita katika huzuni nzito baada ya hapo. Baadaye, kutoka miaka ya 1990, alifundisha muziki muda wa miaka mingi katika shule moja ya msingi katika mji wa Hull. Watoto hawakumwita kwa cheo chake. Walimwita Mrs Kent tu, sawa mwalimu mwingine yeyote. Alikufa mwaka 2025, akiwa na miaka 92.

Kwa hiyo bega ambalo Jana alilia juu yake halikuwa bega la mtu asiyejua machozi. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Wewe mwenyewe chunguza: nani aliyekuja kukaa nawe kimya siku ya kilio chako? Mara nyingi ni yule aliyepita pale mbele yako.

Kugonga mulango

Jana aliacha kazi ya kucheza mwaka 1999. Tuhesabu: alishinda mashindano 24 akiwa peke yake, na 76 katika mchezo wa wawili wawili. Katika Grand Slam alishinda mara 12 pamoja na mwanamke mwenzake, mara 4 pamoja na mwanaume, na ile moja peke yake. Feza ya zawadi zake zote ilipita dola milioni 11. Mwaka 2005 jina lake liliandikwa katika nyumba ya heshima ya tenisi ya dunia, kule Newport, Marekani. Huyu ndiye mtu waliyesema hana moyo!

Lakini kazi yake haikuishia katika hesabu hizi.

Mwaka 2014, msichana mmoja wa kwao, mzaliwa wa Brno sawa yeye, alikuwa na miaka 18. Jina lake Barbora Krejčíková. Alikuwa amemaliza mashindano ya watoto, na hakujua afanye nini: aende kusoma, ao ajaribu kazi ya tenisi? Wazazi wake nao hawakujua. Hawakuwa na mtu wa kuwashauri. Basi waliandika barua, wakaenda mpaka nyumbani kwa Jana Novotná, wakagonga mulango. Hawakuwa wamemjua mbele. Jana alifungua, akaipokea ile barua.

Angeweza kusema: “Nimechoka, nimekwisha kufanya yangu.” Hakusema hivyo. Alimtazama yule msichana akicheza, kisha akakubali kumfundisha. Yeye aliyeshikwa mkono na Mandlíková, sasa alimshika mwingine mkono.

Muda wao pamoja haukuwa mrefu. Jana alishikwa na kansa. Barbora aliendelea kwenda kumwona katika ugonjwa. Ameeleza kwamba karibu na mwisho Jana alimwambia afurahie mchezo, na ajaribu kushinda Grand Slam. Jana alikufa tarehe 19 mwezi wa 11, 2017, akiwa na miaka 49 tu.

Mwaka uliofuata, 2018, Barbora alishinda Paris na Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, sawa mwalimu wake alivyoanza. Watu wakasema tena lile neno la zamani: “Anajua kucheza na mwenzake. Peke yake ataweza?” Mwaka 2021 alishinda Paris akiwa peke yake. Na mwaka 2024 alifika finali ya Wimbledon, wakati hakuna aliyemtazamia, akampiga Muitalia Jasmine Paolini 6 kwa 2, 2 kwa 6, 6 kwa 4. Aliinua ile ile sahani ya feza.

Kule Wimbledon kuna ubao ulioandikwa majina ya washindi wote. Walimpeleka Barbora kuuona. Alipoona jina lake juu ya ubao mmoja na jina la Jana Novotná, 1998, alilia. Alisema wazi kwamba ile siku ya kugonga mulango ndiyo iliyobadilisha maisha yake.

Neno kwa jamaa zetu

Ndugu msomaji, mwaka 1993 watu walifikiri wameona mwisho wa Jana. Walikuwa wameona siku moja tu. Siku moja ni kitu kidogo sana kwa kumpa mtu jina.

Wewe mzazi, mtoto wako akirudi na matokeo mabaya, ujue atakumbuka neno lako la kwanza kupita neno la mwalimu wake. Jana alikumbuka neno la yule mama miaka mitano. Usidanganye mtoto, usimwambie kosa si kosa. Mpira wa Jana ulikwenda nje kweli. Lakini mpe bega kwanza. Hesabu ya makosa itangoja mpaka kesho.

Wewe kijana uliyeanguka mbele ya watu, usikimbie mbali na kazi unayoijua. Tafuta pahali ambapo mikono yako bado inaweza, hata kama ni kazi ndogo, na uanze pale. Tafuta pia mtu aliyepita njia hiyo mbele yako. Barbora hakungoja aitwe. Aliandika barua, akagonga. Karibu nawe kuna fundi mzee, mwalimu aliyestaafu, mama anayejua kushona ao kuhesabu, na hakuna mtu anayemgongea mulango.

Na wewe uliyekwisha kufika, uliye na kazi, uliye na ufundi: siku moja mtoto atasimama kwenye mulango wako na karatasi mkononi, akiona haya, bila kujua aanze wapi kusema. Fungua.

Maswali ya kuongea pamoja nyumbani

1. Katika jamaa yetu, kuna mtu tunayemwita kwa jina la siku yake mbaya? Yeye mwenyewe anasikia namna gani?
2. Baada ya 1993, ni mambo gani yaliyomsaidia Jana kurudi? Ni lipi tunaweza kulifanya hapa kwetu?
3. Kijana wetu akitaka kujifunza kazi, tungeweza kumpeleka kugonga mulango wa nani?